Kwa mpwa wangu, kuhusu wingu linalosema limejaa

Tanga

Mpwa wangu,

Nimesoma ujumbe wako pamoja na picha za skrini ulizoambatisha, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia barua kwa urefu.

Unasema wingu binafsi la ofisini kwenu limeanza kukataa mashine pepe mpya. Waandishi wa programu wamekasirika, dashibodi inaonyesha nafasi tele, na mkuu wa idara ameshaagiza yaandaliwe makaratasi ya kununua seva tatu. Umeniuliza kama seva tatu zitatosha. Kabla sijajibu, nami nakuuliza: aliyekataa ni nani?

Nauliza hivyo kwa sababu OpenStack, inayoendesha wingu lenu, si programu moja. Ilizaliwa mwaka 2010 pale NASA ilipotoa kazi yake ya mradi wa Nebula, ikawa Nova inayoendesha mashine pepe, na kampuni ya Rackspace ikatoa Swift ya kuhifadhi mafaili. Baadaye wakaja wengine: Keystone wa kumtambua mtu, Glance wa kutunza picha za mifumo, Neutron wa mtandao, Cinder wa diski, na Placement wa kuhesabu rasilimali. Kila mmoja ana daftari lake, na kila mmoja ana mamlaka ya kusema hapana. Mtumiaji yeye huona mstari mwekundu tu, kisha anakuja mezani kwako na neno moja: limejaa. Ukilipokea neno hilo kama lilivyo, utanunua RAM kumbe kilichoisha ni anwani za mtandao.

Kukataliwa rahisi kuliko kote ni kule kunakorudi papo hapo. Mtu anabonyeza, jibu linakuja na namba 403 likitaja mgao, na ile mashine haionekani hata kwenye orodha. Hapo wingu halijajaa, ila mradi umefika kwenye kikomo chake. Nova usipoigusa hutoa kwa kila mradi mashine 10, kori 20 na RAM ya MB 51,200. Cinder hutoa diski 10 na jumla ya GB 1,000. Mradi unaopenda mashine za kori nne utazipata tano, na ya sita itakataliwa hata kama seva zote zinapiga miayo. Angalia kwa `openstack quota show` na `openstack limits show --absolute`, utaona kilichotumika na kilichobaki. Kuongeza ni amri moja, lakini nani aongezewe ni suala la wakubwa kuamua, kwa hiyo lipeleke kwao kwa maandishi. Kuna mafundi wanaochoka na maombi wakaweka −1, yaani bila kikomo. Wewe usifanye hivyo. Siku mtu atakapoandika hati ya majaribio yenye kitanzi kisichokoma, mgao ndio utakaowaokoa wengine.

Sasa tuje kwenye yako. Kwenye picha zako mashine inaonekana kwenye orodha, hali yake ni ERROR, na ukifungua `openstack server show` sehemu ya fault imeandika "No valid host was found". Maana yake ombi lilivuka mgao, likafika kwa mratibu, yaani nova-scheduler, naye akatafuta seva ya kuiweka mashine asiipate. Ujumbe hausemi kwa nini hakuipata, na umeandikwa hivyo kwa makusudi, maana mtumiaji wa kawaida hapaswi kuyajua ya ndani ya jumba lenu. Wewe ndiye unayepaswa. Kwa hiyo acha dashibodi, chukua namba ya ombi inayoanza na `req-`, uitafute kwenye logi ya nova-scheduler.

Utakuta moja ya mambo mawili, na tofauti yao ndiyo kiini cha barua hii. Ama logi itasema mratibu hakupewa hata jina moja na Placement, ama itasema majina alipewa lakini kichujio fulani kikayaondoa yote. La kwanza ni tatizo la hesabu. La pili ni tatizo la sharti, na sharti haliondolewi kwa seva tatu.

Nianze na la sharti kwa kuwa ni fupi. Logi itakitaja kichujio kwa jina. Ukiona ServerGroupAntiAffinityFilter, kuna mtu ameunda kundi la mashine zisizotakiwa kukaa pamoja kwenye seva moja. Ni sharti jema kwa hifadhidata zenye nakala kadhaa, lakini kundi la mashine tano kwenye seva nne halikubali, na ya tano itakataliwa hata kama seva zote nne ni tupu. Mshauri atumie aina iliyo laini, `soft-anti-affinity`, inayotenganisha pale inapowezekana. Ukiona AggregateInstanceExtraSpecsFilter, angalia saizi aliyochagua mtumiaji: huenda imefungwa kwenye kundi la seva lenye alama fulani, na kundi hilo ndilo lililojaa huku mengine yakiwa wazi. Ukiona NUMATopologyFilter, keti vizuri na uandae chai, hiyo ina barua yake.

Kwenye hesabu ndiko ninakotaka ukae. Placement ilikuja na toleo la Newton mwaka 2016, ikawa mradi unaojitegemea kwenye Stein mwaka 2019. Kazi yake ni kuandika kila seva ina nini na imeahidi nini. Nimesema imeahidi, sikusema inatumia. Placement haijui kwamba mashine ya GB 64 inatumia GB 3 tu. Ahadi ni deni, na inachohesabu ni deni. Fomula yake ni hii: chukua jumla ya rasilimali, toa kilichotengwa kwa ajili ya seva yenyewe, kisha zidisha kwa uwiano, yaani mara ngapi umeruhusu kuahidi kile kilichopo.

Tupige mfano. Seva ina RAM ya GB 256, yaani MB 262,144. Nova kwa kawaida hutenga MB 512 kwa ajili ya seva. Zinabaki MB 261,632. Uwiano ukiwa 1, gawanya kwa mashine za MB 8,192. Utapata 31 na ushei, na kwa kuwa mashine haikatwi vipande, ni 31. Fundi anayehesabu kichwani 256 gawanya kwa 8 anapata 32, halafu anashangaa ya mwisho kukataliwa. Na hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu kerneli ya Linux yenyewe huripoti pungufu kidogo ya RAM iliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo.

Usiishie kwenye hesabu ya karatasi, mwulize Placement mwenyewe. `openstack allocation candidate list --resource VCPU=4 --resource MEMORY_MB=8192` itakuorodheshea seva zinazoweza kuibeba mashine ya namna hiyo sasa hivi. Ikirudi tupu, punguza RAM peke yake, kisha punguza kori peke yake, utaona ni rasilimali ipi inayofunga mlango. Halafu fungua seva moja moja kwa `openstack resource provider inventory list` na `openstack resource provider usage show`. Katika orodha ya kwanza tazama safu ya max_unit. Hiyo husema mashine moja inaweza kuchukua kiasi gani kwa mkupuo, na kwa kawaida ni sawa na kilichomo kweli ndani ya seva. Seva ya nyuzi 64 yenye uwiano wa 16 inaahidi kori pepe 1,024, lakini mtu akiomba mashine moja ya kori 80 atakataliwa. Na hapo imekataa kwa haki.

Uwiano huo umeleta ugomvi mwingi, nami nina upande wangu. Kuahidi zaidi ya ulichonacho si uhuni. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za simu zinazoingia kwa nasibu, na mwaka 1917 akatoa fomula za kujua laini ngapi zinatosha kwa wateja wengi wasiopiga wote kwa pamoja. Kori za prosesa zinafuata mantiki hiyo hiyo. Mashine nyingi hukaa zikisubiri, na anayehitaji kori huipata, akimaliza sehemu ndogo ya sekunde anaiachia. RAM haiko hivyo. Aliyeishika ameishika, na kumnyang'anya kuna gharama. Peter Denning alieleza tangu mwaka 1968 jinsi kompyuta iliyoahidi kumbukumbu kupita kiasi inavyoishia kuhamisha kurasa kati ya RAM na diski bila kufanya kazi yoyote ya maana. Carl Waldspurger wa VMware alionyesha mwaka 2002 mbinu za werevu za kuirudisha RAM kutoka kwenye mashine pepe, ikiwemo ile ya puto linalovimba ndani ya mashine ili mfumo wake uachie kurasa. Mbinu zinafanya kazi, lakini zinataka mtu anayezisimamia kila siku. Nova kwa miaka mingi ilikuja na uwiano wa 16 kwa kori na 1.5 kwa RAM. Matoleo ya karibuni yameshusha hadi 4 na 1. Mimi naunga mkono kushusha. Sijaona wingu la ofisi ya kawaida lililofaidika na ile nusu ya ziada ya RAM kuliko lilivyoumia siku ya mwisho wa mwezi.

Hapo kuna mtego, na nahisi umo ndani yake, maana umesema mliibadilisha namba kwenye faili la mipangilio na hakuna kilichobadilika. Angalia jina la mlichobadilisha. `initial_cpu_allocation_ratio` husomwa mara moja tu, siku seva inapoandikishwa Placement kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo unaweza kuandika namba yoyote, haitaguswa. Kwa seva iliyokwisha kuandikishwa unatumia `cpu_allocation_ratio`, lile lisilo na neno la mwanzo, au unabadilisha ndani ya Placement moja kwa moja. Usifanye vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu Nova itarudisha yake kila inaporipoti, nanyi mtabaki mnashutumiana.

Sasa ile nafasi tele ya kwenye dashibodi. Ukurasa huo hujumlisha, na jumla hudanganya kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya diski. Kwa vile mnatumia Ceph, yaani hifadhi moja ya diski inayotumiwa na seva zote, kila seva huripoti hodhi zima kana kwamba ni lake. Hodhi la TB 100 na seva 10 litasomeka TB 1,000. Mkuu wenu akiona namba hiyo lazima aseme mafundi ni wavivu. Ya pili ni ya vipande. Chukulia seva 10, kila moja imebakiwa na GB 12 za RAM. Jumla ni GB 120 na dashibodi inazionyesha zote. Anakuja mtu anataka mashine moja ya GB 16, anakataliwa, na ni sawa akataliwe. Ni kama basi la mkoani lenye viti sita vitupu vilivyotawanyika, halafu familia ya watu watatu inataka kukaa pamoja. Kondakta hakosi viti, anakosa viti vinavyopakana.

Dawa ya vipande ni kupanga upya. Unahamisha mashine ndogo zikiwa hai, kwa `openstack server migrate --live-migration`, hadi seva moja ipate nafasi ya kutosha. Lakini ujue pia kwamba mratibu kwa kawaida hutawanya, humpa mzigo mpya yule mwenye RAM nyingi zaidi iliyo wazi. Ndivyo anavyozaa vipande. Ukiweka `ram_weight_multiplier` kuwa namba hasi atajaza seva moja kabla ya kugusa nyingine. Kila njia ina ubaya wake: kutawanya kunapunguza madhara seva moja ikifa, kujaza kunalinda nafasi ya mashine kubwa. Kwa ofisi yenu ningeacha itawanye, nikatenga seva mbili kwenye kundi la peke yake kwa ajili ya mashine kubwa, na ningefuta zile saizi za ajabu nilizoziona kwenye orodha yako. GB 5, GB 11 na GB 23 za nini? Saizi zinazogawanyika vizuri, 2, 4, 8, 16, 32, hupangika bila kuacha mabaki. Aliyetaka 11 apewe 8 na aambiwe apime kwanza.

Halafu kuna wafu. Hapa ndipo nafasi nyingi hupatikana, na ndipo watu hawapendi kutafuta kwa sababu ni kazi ya kuulizana na binadamu.

Mashine iliyozimwa, ile inayosomeka SHUTOFF, bado ina deni lake lote Placement. RAM halisi imeachiwa, lakini daftari linasema imekaliwa, na ni lazima liseme hivyo, maana mwenyewe akiiwasha kesho ataitaka nafasi yake. Orodhesha za miradi yote: `openstack server list --all-projects --status SHUTOFF`. Nitashangaa usipokuta za watu walioacha kazi, za mafunzo yaliyokwisha, na moja yenye jina la "test-final-mpya". Zisifutwe kwa hasira. Kuna amri ya kuzipeleka stoo, `openstack server shelve`, ambayo hutunza nakala ya mashine kisha huiondoa kwenye seva pamoja na deni lake. Kama mashine inaishi kwenye diski ya seva yenyewe badala ya Cinder, nakala hiyo itakwenda Glance, kwa hiyo hakikisha Glance ina pa kuiweka, usije ukahamisha tatizo kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Wafu wengine wamejificha zaidi. Mtu akibadilisha saizi ya mashine, OpenStack huihamishia seva nyingine na kuishikilia nafasi ya zamani hadi mwenyewe athibitishe kwamba ameridhika. Hali yake husomeka VERIFY_RESIZE. Watu wengi wakiona mashine yao inafanya kazi hudhani mambo yamekwisha, hawathibitishi. Na Nova usipoiambia vinginevyo haithibitishi kwa niaba yao, hata mwaka upite. Mashine moja, madeni mawili. Zitafute kwa amri ile ile, ukibadilisha hali tu.

Na wapo wale ambao hata mashine yenyewe haipo tena: seva ilikufa, mashine zikaokolewa kwenda kwingine, deni likabaki kwa marehemu. Hao huwaoni kwenye orodha yoyote ya mashine. `nova-manage placement audit` huwatafuta. Iendeshe kwanza bila `--delete`, usome majina yote, ulinganishe na kilichopo kweli kwenye seva kwa `virsh list --all`, ndipo urudi na kufuta.

Wingu la kulipia, kama lile la Amazon, halina wafu wengi kwa sababu kila mwisho wa mwezi kunakuja ankara inayomwamsha mtu. Wingu la ndani halina ankara, kwa hiyo hakuna anayefuta. CERN kule Geneva, wanaoendesha OpenStack tangu 2013 na wakafika kori zaidi ya 300,000, nao waliona ni busara mashine za watumiaji binafsi ziwe na tarehe ya mwisho, mwenyewe akumbushwe na aombe kuongezewa. Ninyi mnaweza kuanza na barua pepe ya kila robo mwaka kwa wakuu wa miradi, yenye orodha ya mashine zao na sentensi moja ya kuuliza ipi bado inahitajika. Haihitaji tenda.

Kitu kingine utakachokiangalia dakika ya kwanza kabisa, nimekichelewesha tu: `openstack compute service list`. Seva ikifungiwa kwa matengenezo, kisha aliyeifungia akasahau kuifungua, Placement haitaitoa tena kwa mratibu. Logi itasema hakuna mgombea kana kwamba RAM imekwisha, na seva nzima itakuwa imelala bure. Angalia pia safu ya hali, maana seva isiyosikika nayo haihesabiwi.

Hadi hapa nimeongelea wingu linalokataa. Ninaloliogopa zaidi ni lile linalokubali. Uliniandikia kwa kupita tu, mwishoni, kwamba mashine mbili za hifadhidata zimewahi kuzimika zenyewe usiku na hakuna aliyezigusa. Hilo lilipaswa kuwa mstari wako wa kwanza. Ingia kwenye seva iliyokuwa imezibeba, soma `journalctl -k` ya saa ile, utafute maneno ya RAM kuisha na mchakato wa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, kuuawa. Kerneli ikikosa RAM kabisa huchagua mchakato wa kuua, na mchakato mnene kuliko yote kwenye seva ya namna hiyo ni mashine pepe. Nova baadaye hupita, hukuta mashine haipo hai, huandika SHUTOFF. Mtu akija asubuhi anaona imezimwa kwa amani.

Kwa nini RAM iishe wakati uwiano wenu ni 1? Kwa sababu ya zile MB 512. Seva zenu zinabeba mashine pepe na Ceph kwa pamoja. Kila mchakato wa Ceph unaosimamia diski moja hulenga kutumia takribani GB 4 za RAM, na wakati wa kurekebisha data baada ya diski kufa unaweza kupita hapo. Diski kumi ni GB 40 ambazo Placement haizijui. Ongeza RAM ya ziada ambayo QEMU hutumia kwa kila mashine juu ya ile ya mashine yenyewe. Kwa hiyo `reserved_host_memory_mb` kwenye seva zenu haipaswi kuwa 512. Iweke GB 40 za Ceph pamoja na akiba ya mfumo, na ujiandae: ukiiweka namba ya kweli, wingu lenu litaonekana limejaa zaidi ya lilivyo leo. Mkuu atauliza umeharibu nini. Mwonyeshe ile logi ya usiku.

Upande wa kori, dalili si kifo bali uvivu. Ndani ya mashine fungua `top` utazame namba iliyo karibu na `st`. Ni asilimia ya muda ambao mashine ilikuwa tayari kufanya kazi lakini seva haikuipa kori. Ikikaa juu kwa muda mrefu, uwiano umezidi pale, hata kama Placement bado inatoa nafasi.

Na Ceph yenyewe. Kwa nakala tatu, TB 300 za diski ni TB 100 za matumizi, hilo unalijua. Ila hupaswi kuzifikia hizo 100. Ikifika asilimia 85 huanza kuonya, asilimia 95 husimamisha uandishi, na inatosha diski moja tu kufika hapo. Uandishi ukisimama, kila mashine kwenye wingu huganda, pamoja na zile zisizohusika. Ndiyo maana `ceph osd df` ni muhimu kuliko `ceph df`, kwani inakuonyesha diski moja moja na kama kuna iliyobeba kuliko wenzake. Jua pia kwamba mtumiaji akifuta mafaili ndani ya mashine yake, Ceph haijui, mpaka mashine itume taarifa kwa `fstrim` na diski yake iwe imeruhusiwa kupokea taarifa hizo. Watu watakuapia kwamba wamefuta, na watakuwa wanasema kweli.

Mtandao nitaupitia haraka. Mtandao wa /24 una anwani 254 za kutumika, na geti pamoja na DHCP nao hula humo. Zikiisha, Neutron ndiye atakayekataa, na jibu lake litakuwa kwenye logi ya nova-compute na ya Neutron yenyewe. Kwa mratibu hutaliona. Futa milango isiyo na mashine, au ongeza mtandao mdogo mwingine.

Basi, zile seva tatu. Sisemi zisinunuliwe. Huenda zinahitajika, maana mwenye seva 10 anapaswa kubakiza nafasi ya seva moja nzima, ili moja ikifa mashine zake zipate pa kwenda, na sidhani kama mnayo. Ila ombi la sasa linasema "nafasi imejaa", na kwa karatasi hiyo hakuna atakayejua anunue zenye RAM nyingi, zenye kori nyingi, au zisizo na diski kabisa. Mwombe mkuu akuachie kwanza utoe wafu na kurekebisha akiba ya RAM, kisha uandike namba mpya: RAM iliyoahidiwa, RAM iliyopo baada ya akiba, na mashine kubwa kuliko zote inayotakiwa kuingia. Na kama seva mpya zitakuwa na prosesa za kizazi kipya, sisitiza mapema kwamba mtafunga aina ya prosesa inayoonyeshwa kwa mashine pepe ili ilingane na seva za zamani. La sivyo mashine itakayowashwa kwenye mpya haitakubali kurudi kwenye kuukuu ikiwa hai, na mtakuwa na mawingu mawili yanayojiita moja.

Nitumie ile logi ya mratibu kwa ombi moja lililokataliwa, pamoja na matokeo ya `openstack resource provider inventory list` ya seva mbili, moja inayobeba hifadhidata na moja isiyobeba. Futa anwani za mtandao na majina ya miradi kabla ya kutuma, hayo ni ya mwajiri wako, si ya mjomba. Nikipata kabla ya Ijumaa nitakupigia jioni tuyasome pamoja.

Mama yako msalimie, na mwambie ule mchele wa Lushoto aliouagiza umeshapatikana, nautuma na basi la Jumamosi.

Ni mimi mjomba wako